Plagi Aliyoichomoa Kasiani

Katika mji wa Newala, maji ya bomba hayana siku wala saa. Yakitoka, mtu huacha lolote alishikalo. Kasiani, mtunza ofisi wa chama cha wakulima wa korosho, alilijua hilo vyema. Simtanki la chama, tangi kubwa la plastiki lililokuwa uani, likikauka, aliulizwa yeye.

Ofisini mlikuwa na seva, kompyuta kubwa ya kutunza kumbukumbu, iliyonunuliwa baada ya biashara ya korosho kuachiwa huru. Ilihifadhi majina ya wakulima na idadi ya mikorosho ya kila mmoja. Kwa orodha hiyo chama kiligawa salfa, dawa ya unga ikingayo maua ya mikorosho na ugonjwa wa ubwiriunga.

Asubuhi moja Salome, karani, aliingiza diski iliyoletwa na fundi wa Masasi.

"Baba Pili, naenda posta. Mashine inajiandikia maagizo mapya. Mtu asiguse waya."

"Nenda, mwanangu," Kasiani alimjibu. "Nani atagusa nami nipo?"

Salome hakuwa amefika mbali, bomba likakohoa uani. "Maji! Maji yametoka!" majirani waliita. Pampu ya simtanki ilihitaji umeme, na ofisi ilikuwa na soketi moja tu. Kasiani akachomoa plagi ya seva, akachomeka ya pampu. Simtanki lilipojaa, akairudisha ya seva. Mashine ikanguruma, lakini kioo kikabaki cheusi.

Kesho yake wakulima walifuata salfa, na orodha haikuonekana. Mzee Sultani, mwenyekiti, akamkabili Salome mbele yao.

"Ndiwe uliyeigusa mwisho. Maua yanaoza kule shambani! Fundi akisema umeiharibu, utarudisha ufunguo wa ofisi."

"Mzee, niliiacha nzima. Muulize Baba Pili."

"Mimi ni mtu wa ufagio," Kasiani alisema. "Mashine siijui."

"Kumbe hata mashine hupata ubwiriunga!" alidakia Paulina, mkulima wa Chilangala. Watu wakacheka. Salome hakucheka. Jioni ile Kasiani alichota maji ya simtanki anawe uso, akayamwaga chini bila kunawa.

Siku ya tatu Winfrida, yule fundi aliyeleta diski, aliteremka kwenye basi la Masasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Akafungua seva. Kasiani alidhani ataikata kwa msumeno, kumbe sehemu zake zilichomoka moja moja, kama droo za kabati.

"Majina yamo katika diski hizi, nazo ni nzima," Winfrida alieleza. "Kilichoharibika ni kibao hiki. Kimebeba maagizo ya kuiamsha mashine. Yalipokuwa yakiandikwa upya, umeme ulikatika. Sasa ni nusu ya zamani, nusu mapya, na mashine haijui ianzie wapi. Hatutupi mashine nzima. Tunabadili kibao tu."

"Basi ni Salome, ndiye aliyeanza kuiandikia," alisema Mzee Sultani. "Lete ufunguo, binti."

Salome akauweka mezani. Kasiani akasogea mezani.

"Mzee, mrudishie," alisema. "Ni mimi. Maji yalitoka, nikachomoa plagi. Alinikanya nisiguse. Kisha nikanyamaza, mkamlaumu mtoto wa watu mbele yangu."

"Na mvi zako zote, Kasiani!" Mzee Sultani alisema.

"Na mvi zangu zote. Salome, mwanangu, nisamehe."

Salome aliuchukua ufunguo, asimjibu neno.

Winfrida akapachika kibao kipya. Mashine ikaamka, akaanza kuiandikia maagizo mapya kwa mara ya pili. "Nusu saa," alisema. "Nani atalinda plagi?"

"Nipeni mimi, kama bado naaminika," alisema Kasiani. Wote wakamtazama Salome. Akaitikia kwa kichwa.

Kasiani akaweka kigoda mbele ya soketi. Haukupita muda, bomba likakohoa.

"Kasiani! Maji!" jirani aliita. "Umekufa humo ndani?"

Hakuinuka. Aliwasikia wenzake wakigonganisha ndoo, kisha bomba likanyamaza. Muda kidogo baadaye kioo kikaonyesha majina.

Alasiri hiyo salfa ikagawiwa, na Mzee Sultani akaagiza soketi ya pili iwekwe. Salome alitoka uani, akagonga simtanki. Lililia tupu.

"Maji yamekupita, Baba Pili," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Kasiani tangu aombwe msamaha. Aliingia ndani, akarudi na ndoo mbili, akampa moja waende wote kuchota kisimani.