Kitanda Kinatangulia

"Usiniambie gari limerudi tupu."

Beba alizima injini, akabaki ameshika usukani kana kwamba bado yuko njiani. Nyuma yake kamba zilikuwa zimekunjwa vilevile zilivyoondoka asubuhi, na turubai halikuwa limeguswa.

"Nimekuuliza, mume wangu."

"Hawajawa tayari. Wameomba mpaka Jumamosi ijayo." Akashuka, akafunga mlango wa gari polepole. "Vumilia kidogo, mke wangu."

Mkewe alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka hata kukasirika. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za wifi yake tangu mchana, mkoba mapajani, viatu vya kutokea miguuni, kama abiria. Jumamosi iliyopita alikaa hivyohivyo, na ile ya kabla yake pia.

Jamani, kuna watu hawana bahati, halafu kuna hawa wawili. Nyumba walishanunua. Ilikuwa ndogo, ina vyumba viwili na dirisha kubwa sebuleni, na huyu mama, ambaye kazi yake ni kushona mapazia, alikuwa ameshapima madirisha yote na kuyashonea hata kabla wino wa mkataba haujakauka. Mkataba ulisema wauzaji watatoka mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine, nao ukawa unakwenda zake. Huku nyuma, vyumba walivyokuwa wamepanga walishavirudisha, maana mpangaji mpya alikuwa amesimama mlangoni na godoro lake kichwani. Ikabidi waombe hifadhi kwa dada yake Beba.

Hifadhi ndiyo hiyo. Mke analala na mabinti wa wifi, watatu kitanda kimoja. Mume analala kwenye kochi la sebuleni, miguu inaning'inia. Cherehani imefunikwa turubai barazani, na wateja wanapiga simu kuuliza mapazia yao mpaka amewazoea kwa sauti. Ndoa yenyewe haijamaliza hata miaka miwili. Tangu waingie pale hawajafunga mlango wa chumba wakabaki wawili.

Na kinachoudhi zaidi ni kwamba kazi ya Beba ni kuhamisha watu. Mtaa mzima unamjua. Ukitaka kuhama unampigia Beba, anakuja na gari lake, jioni unakunywa chai kwenye nyumba mpya. Hata hao wauzaji walikuwa wamemkodi yeye huyohuyo awahamishe.

Jikoni, wifi alimpokea mshonaji kwa sufuria chafu na maswali. Wifi hakuwa na ubaya, ila alikuwa na mdomo.

"Wifi, hiyo nyumba mliiona kwa macho, au mlionyeshwa picha?"

"Tuliiona, wifi."

"Nauliza tu. Watoto wameanza kukuita dada."

Mshonaji alisuuza sufuria ile mpaka ikakaribia kutoboka. Kisha akafuta mikono, akachukua simu, akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, mahali pekee pa nyumba ile ambapo mtu angeweza kuongea bila msikilizaji. Akampigia muuzaji mwenyewe.

Muuzaji alikuwa karani mstaafu wa benki, mtu wa heshima zake. Mkewe alikuwa mkunga, naye amestaafu. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi miaka mingi wakionana asubuhi na jioni tu. Walipostaafu wakajikuta wanaonana kutwa nzima, na hapo ndipo waliposhindwana. Wakaamua kuuza nyumba, kila mmoja akapange kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mzee, naomba uniambie ukweli. Mnatoka lini? Mimi nimechoka."

Mzee alishangaa.

"Mwanangu, kwani mumeo hakukwambia? Sisi mizigo tumefunga siku nyingi. Yeye ndiye anayekataa kupakia."

"Anakataa?"

"Anasema hapakii mpaka tuelewane juu ya kitanda. Anakuja, anakaa, tunakunywa chai, anatusuluhisha, anaondoka. Ni kijana mzuri sana. Umepata mume."

Alishukuru, akakata simu. Palepale nyuma ya tangi akaandika ujumbe. Mumewe alikuwa sebuleni na shemeji yake, wanaangalia taarifa ya habari.

*Njoo kwenye gari. Sasa hivi.*

*Kuna nini?*

*Nimeongea na Karani.*

Jibu halikuja. Alikuja mwenyewe.

Waliingia kwenye gari, wakapandisha vioo. Tangu wahamie pale, gari ndilo lililokuwa chumba chao cha kugombana.

"Haya," alisema mke. "Nieleze habari za kitanda."

Beba alijikuna shingo. Akaanza kwa mbali, akaeleza jinsi gari linavyopakiwa: kitanda kinatangulia, kinaegemea nyuma ya dereva, godoro linafuata ili likinge vioo vya kabati, halafu vitu vingine, na vyombo vya jikoni mwisho. Bila kitanda huwezi kuanza. Sasa wale wazee kila mmoja anamwambia mwenzake akichukue yeye. Hakuna anayekitaka. Mke akamkatisha kwamba yeye hakuolewa jana, upakiaji anaujua, na kama kitanda hakitakiwi kingeachwa uani.

"Si hilo tu," Beba alisema.

"Ni lipi?"

"Mimi sipakii kitanda cha mke na mume waliogombana, mpaka wote wawili wakishike. Huyu upande huu, huyu upande huu, wakiinue wenyewe wakitoe nje. Ndio utaratibu wangu tangu nianze kazi." Aliangalia kioo cha mbele. "Mwaka wa kwanza nilimhamisha mke wa mtu akiwa analia. Nilibeba kitanda, nikakiteremsha kwa mama yake. Hazikupita siku nyingi mume ananipigia nikamrudishe, nikafika nikakuta kitanda kimeshauzwa na mke hataki hata kuniona. Mume aliniuliza, kwa nini ulikubali kubeba? Sijawahi kusahau."

Mtoto mmoja wa wifi alikuja akagonga kioo, akataka kujua kama wanakwenda dukani. Walimwambia hawaendi.

"Kwa hiyo kila Jumamosi unakwenda kupatanisha," mke alisema.

"Wameanza kusikilizana. Wiki hii wamekula pamoja."

"Beba. Wakipatana, watatoka kwenye nyumba kwa sababu gani?"

Beba alimgeukia. Ilionekana wazi kwamba swali hilo, pamoja na chai yote aliyokunywa pale, halikuwa limewahi kumpitia kichwani. Mkewe alimtazama akasikia hasira mpya ikimpanda, kwa sababu hata uongo wa maana mtu huyu hakuwa nao. Alikuwa mwema tu, na wema wake ulikuwa unawatia barabarani.

"Kesho nakwenda na wewe," alisema, akashuka.

Walifika asubuhi. Mkunga mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, amechana nywele vizuri, uso umechangamka, na mshonaji alipoona uso ule moyo ulimshuka. Ndani, masanduku yaliyokuwa yamefungwa siku nyingi yalikuwa yamefunguliwa. Vikombe vilikuwa vimerudi kabatini. Karani alikuwa mezani, na mbele yake chai ya watu wanne.

Waliamkiana, wakakaa. Karani alikohoa kidogo, akaanza kumshukuru Beba. Alisema kijana huyu amewafanyia jambo ambalo hata ndugu zao hawakuliweza. Walikuwa wamesahau kuongea, yeye amewakumbusha. Maneno yalikuwa marefu na mazuri, na yote yalikuwa yanaelekea kulekule.

"Kwa hiyo sisi tumezungumza," Karani akamalizia. "Tumeona tusiuze tena. Fedha zenu zipo, tutawarudishia."

"Mtuelewe, wanangu," Mkunga aliongeza. "Ninyi bado vijana. Nyumba mtapata nyingine."

Mshonaji aliweka kikombe chini. Alikuwa amejiandaa kwa makelele, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya chini.

"Mama, mimi nawapongeza, tena kwa moyo. Lakini nyumba hii tuliitafuta mpaka viatu vikatoboka. Vyumba vyetu tumevirudisha. Nalala na watoto wa watu. Mume wangu nakutana naye kwenye gari. Ninyi mmepatana kwa sababu sisi tumetengana, na aliyefanya yote mawili ni huyu hapa." Akamgeukia Beba. "Sina la kusema tena. Sema wewe. Wazee wanakusikiliza kuliko mimi."

Beba alimwangalia mkewe, kisha akaangalia kikombe chake. Mkewe alimjua. Alijua sasa hivi atasema tuvumilie, atasema tuwape muda, atasema wazee hawa jamani. Alijua pia kwamba akisema hivyo, yeye ataondoka hapa kwa miguu, atakwenda kwao, na hatarudi kwa wifi wala popote. Hakuwa amemtisha. Hakumwambia hata. Alikaa akasubiri kusikia ameolewa na nani.

"Mzee," Beba alisema, "nyumba hamrudishiwi."

Karani alidhani hakusikia vizuri.

"Nimekosea," Beba aliendelea, na maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, mtu ambaye hajazoea kumnyima mtu kitu. "Nilikuja hapa kila wiki nikawahurumia. Niliyepaswa kumhurumia ni mke wangu, sikumuuliza hata siku moja. Mkataba mlitia saini mkiwa na akili zenu. Nyumba ni ya huyu."

"Lakini tumepatana," Mkunga alisema. "Si wewe uliyetaka?"

"Nilitaka, mama, na bado nataka. Ila kupatana kwenu kunabebeka. Mtakwenda nako popote, nami nitawapakilia bure. Nyumba haibebeki. Ingebebeka, ningeshaipakia zamani nikampelekea mke wangu."

Mkunga ndiye aliyecheka kwanza, akajizuia, akashindwa. Karani hakucheka. Alisema hilo si jambo la mzaha, alisema ana haki ya kubadili mawazo, akataja mwanasheria. Mkewe akamwacha amalize.

"Baba, wewe saini yako niliiona," Mkunga alimwambia. "Uliitia kwa madaha, kalamu ukaazima kwa mwenzio. Watoto wa watu hawana pa kulala. Nyanyuka."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwangu. Kwako kuna chumba kimoja na jirani anapiga ngoma."

"Na hicho kitanda?"

"Shika upande wako."

Wakakishika. Karani alikuwa analalamika kiuno, Mkunga anamwelekeza apinde kulia, wamekwama mlangoni, wanalaumiana kwa mazoea. Beba alisimama kando bila kusaidia mpaka miguu ya kitanda ilipotoka nje. Ndipo akakipokea, akakiegemeza nyuma ya dereva, godoro likafuata. Kufikia adhuhuri nyumba ilikuwa tupu.

Mshonaji hakwenda nao. Alikuta ufagio wa zamani nyuma ya mlango, akafagia vyumba vyote viwili kwa nguvu kuliko vumbi lilivyohitaji. Alikuwa bado amekasirika. Alishangaa kuona nyumba ameipata na hasira haijaondoka.

Gari lilirudi alasiri. Beba aliingia, akasimama katikati ya sebule isiyo na kitu.

"Wameshafika. Wameanza kugombania dirisha."

Mkewe aliendelea kufagia.

"Nisamehe," Beba alisema.

"Kwa lipi?"

"Kwa nyumba."

"Nyumba ipo, nimesimama ndani yake." Akaacha ufagio. "Kila mtu unamsikiliza, Beba. Mtu akilia barabarani unasimamisha gari. Mimi nikilia unaniambia vumilia. Unaniona mimi ni mzigo uliokwishafika, hauna haja ya kushikwa tena. Hilo ndilo lililoniuma."

Beba alikaa sakafuni, akaegemea ukuta, na macho yalikuwa mekundu.

"Niliogopa kukwambia," alisema. "Nilijua utaniuliza nani amenituma kupatanisha watu. Nami sikuwa na jibu. Wewe hulii mbele za watu, nikajidanganya kwamba huumii."

"Naumia."

"Nimeona leo. Uliponiambia niseme, nikakuangalia nikajua ukitoka mlango ule hurudi."

"Nisingerudi."

"Najua."

Alimwangalia kwa muda, mwanamume mzima mwenye mabega ya kubeba makabati, amekunja magoti kwenye sakafu ya nyumba yake mwenyewe. Akakaa karibu naye. Hakumshika mkono, lakini alikaa karibu kiasi kwamba mabega yaligusana, na hakuyaondoa.

"Nikachukue vitu vyetu?" Beba aliuliza. "Mara moja tu, giza halijaingia."

"Kesho."

"Hatuna hata mkeka, mke wangu. Hatuna kikombe."

"Nimesema kesho. Kafunge mlango."

Alikwenda akafunga. Kitasa kilikuwa kigumu, ilibidi ausukume mlango kwa bega. Aliporudi, simu ya mkewe ilikuwa inaita. Alikuwa wifi, na sauti yake ilijaa chumba kizima: chakula kiko mezani, watoto wanamuuliza, wako wapi mpaka saa hizi, na wawaachie kiasi gani.

"Kuleni, wifi," alisema mshonaji. "Leo hatuji. Tuko kwetu."