Nyanya Hakulala

Asubuhi ukungu ulishuka kutoka mlimani, nyumba za nyasi zikaonekana kama zinaelea. Ilikuwa miaka ya Emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, huko Embu. Watu walikuwa wametolewa mashambani mwao, wakarundikwa katika kijiji kimoja chenye mtaro na lango lililolindwa na homugadi, askari wenyeji wa serikali. Ireri alikuwa kizuizini. Mkewe, Wamuyu, alibaki na binti yao mdogo, Mukami.

Mvua zilipoanza, Nyanya, mama yake Ireri, alifariki. Tangu hapo Mukami hakutaka kulala. Usiku alikaa ameegemea nguzo, macho wazi, kama anayesikiliza kitu cha mbali. Usingizi ukimwelemea, alijifinya. Alikonda. Hata uji ulimshinda.

"Mama Mukami," wanawake walimtania Wamuyu walipokuwa wakiendelea kuchimba mtaro kwa lazima, "mtoto wako ameandikwa homugadi? Kila usiku yuko zamu!"

Wamuyu alicheka kidogo, kisha jembe likamponyoka.

Jirani yake, Mama Munyi, hakucheka. Yeye alikuwa amefundishwa ulezi wa watoto katika dispensari ya misheni. Walipotoka kazini alimfuata Wamuyu nyumbani, mwanawe mchanga mgongoni.

"Mukami wangu, usingizi umekukosea nini?" Mama Munyi akauliza.

Mtoto alinong'ona, "Nyanya alilala. Watu wakambeba, hawakumrudisha. Nikilala, watanibeba."

"Nani alikuambia Nyanya amelala?"

"Mama."

Wamuyu alishika mdomo. "Nilitaka kumpunguzia uchungu."

"Uchungu haupungui kwa kubadilishiwa jina, Mama Mukami. Mtoto huamini neno unalompa. Mwambie ukweli, kwa maneno machache. Akiuliza tena kesho, mjibu tena. Na ukilia, akuone."

Neno lile Wamuyu hakuwahi kulitamka. Lilikuwa zito kama jiwe la kusagia.

"Nyanya amekufa," akasema. "Hakulala. Hataamka." Machozi aliyoyazuia tangu mazishi yakamwagika.

Mama Munyi alimshusha mwanawe, aliyekuwa amelala fofofo. Akauweka mkono wa Mukami juu ya kifua cha mtoto.

"Unasikia nini?"

"Kinapanda. Kinashuka."

"Huyu ndiye aliyelala. Anayelala hupumua, na baadaye huamka."

"Nyanya hapumui?"

"Hapumui. Haumwi tena, wala hasikii baridi."

Mukami aliuondoa mkono wake. "Nilikataa kumletea maji. Ndiyo maana alikufa?"

"La, mwanangu!" Wamuyu alimvuta kifuani. "Kichomi ndicho kilichomuua. Si wewe."

Kesho yake lango lilipofunguliwa, Njoka, homugadi wa zamu, aliwazuia Wamuyu na Mukami.

"Mnakwenda wapi?"

"Kwenye kaburi la Nyanya," Mukami akajibu. "Amekufa. Hakulala."

Njoka alitazama chini, akawapisha.

Kaburini nyasi changa zilikuwa zimeanza kuota. Mukami alichuchumaa, akampa Nyanya habari zote: mbuzi amezaa mapacha, Mama amelia sana, Baba hajarudi bado. Wamuyu naye alitoa habari zake, polepole. Waliporudi nyumbani, Mukami alimaliza uji wake, akaomba mwingine.

Alfajiri, kabla jogoo hajawika, Wamuyu alihisi kitu chepesi kifuani pake. Ulikuwa mkono wa Mukami. Mtoto alikuwa amempima mama yake pumzi, kisha usingizi ukamchukua papo hapo.

Wamuyu hakusogea. Mkono ule mdogo ukapanda, ukashuka, ukapanda tena.