Aliyekwanguliwa Dirishani

Bashiri aliwahesabu mara ya tatu, na bado walizidi. Asubuhi ile, ndani ya darasa, alikuwa amepiga picha watoto thelathini na wawili, binti yake Stumai akiwa dawati la nyuma. Sasa, kwenye karatasi iliyokuwa ikichuruzika dawa, palikuwa na wa thelathini na tatu: msichana asiye na sare, nje ya dirisha, pua imebanwa kwenye kioo.

Mwalimu mkuu Efraimu alikuwa amefika studio pale Vwawa kuchukua picha ya sherehe za miaka kumi ya Uhuru. Alipoiona, alishusha sauti.

"Huyo Marita, mtoto wa mpishi. Enzi zile shule ilikuwa ya Wazungu watupu. Alikuwa anasikilizia masomo dirishani, wakamfungia stoo ya kuni Ijumaa, wakamsahau. Walimkuta Jumatatu, amekufa."

"Basi hilo ni jini limevaa sura yake, mwalimu."

"Mkwangue, ndugu yangu. Mkuu wa wilaya akimwona, tutamjibu nini?"

Kumkwangua mtu kwenye negativu, ile filamu inayozaa picha, ilikuwa kazi ya kila siku. Wake walioachika walitolewa hivyo kwenye picha za harusi, wala hakuna fundi aliyeona dhambi. Bashiri alijifungia chumba cha giza, akasoma Ayatul Kursi, akashika wembe.

Mkwaruzo wa kwanza ulileta harufu ya kuni mbichi. Wa pili uliitikiwa ukutani, kwaru, kwaru, kucha za mtu aliye upande wa pili, na kadiri alivyoharakisha nazo ziliharakisha, harufu ikamjaa kooni, mkono ukakataa kusimama ingawa aliuamuru usimame, mpaka uso wa dirishani ukafutika na sauti ya Stumai ikalia ndani kabisa ya ukuta, "Baba, nifungulie!"

Alikimbilia sebuleni, nyumba ile ile nyuma ya studio. Mkewe Fatu alikuwa akimpakulia binti yao wali.

"Mbona unahema, baba Stumai?"

Msichana aliinua uso. Alikuwa Stumai yule yule, ila kucha zake zilikuwa zimekatika, zinavuja damu.

"Nimepata dawati, baba," akanong'ona.

Bashiri alirudi chumba cha giza, akasafisha picha nyingine kutoka negativu ile ile. Efraimu, aliyekuwa akisubiri studio, akaingia na kuichungulia begani mwake.

"Mbona bado yuko mmoja dirishani?"

Kwenye dawati la nyuma alikaa Marita, ndani ya sare safi. Nje ya kioo, mdomo wazi, alikuwa Stumai.

"Malizia kazi," alisema Efraimu, akamsogezea wembe.