Mbuzi wa Bibi Marta

Kila siku akirudi kutoka shule, kabla hajasonga ugali, Atuganile alikuwa na kazi ambayo hakuna msichana mwingine kijijini aliyekuwa nayo. Alifungua mbao mbili zilizobanwa kwa kamba, akatoa majani na maua yaliyolazwa kati ya magazeti, akayahamishia kwenye magazeti makavu. Magazeti yenye unyevu aliyaanika juani na kuyakandamiza kwa mawe.

Majani yalikuwa ya baba yake, Jailos, mwenyekiti wa kijiji. Alijifunza kuyakausha ujanani, alipokuwa kibarua kwenye kitalu cha miti huko Sao Hill, upande wa Mafinga. Baadaye alihamia tambarare ya Usangu, karibu na Chimala. Siasa ilimkuta huko, lakini mapenzi yake kwa mimea hayakumtoka. Alikwenda mikutanoni na kadi ya chama mfukoni na ua limechomekwa kwenye kofia. Watu walimchagua huku wakimcheka. "Mwenyekiti wetu hahitaji mboga," walisema. "Shamba lake analo kichwani."

Mwaka wa 1975 kicheko kilikwisha. Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wameletwa kutoka huku na huku na kupangwa kwa mistari, na wengi walikuwa hawajazoeana bado. Mwezi wa Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka na mvua haijulikani iko wapi, ng'ombe wa Nkuba walianza kufa. Nkuba alikuwa Msukuma, aliyeswaga kundi lake kutoka kaskazini. Ng'ombe wake walitoka malishoni wazima, wakanywa maji mtoni, kisha wakatetemeka na kuanguka palepale ukingoni. Hatua chache tu kutoka hapo palikuwa na kibanda cha Bibi Marta, mjane asiye na mtoto.

"Wananywa mlangoni kwake, wanafia mlangoni kwake," watu walinong'ona. "Mnataka kuonyeshwa nini tena?"

Jailos hakukubali. Alizunguka malishoni kutwa, akarudi na mzigo wa matawi mabichi yenye majani yanayong'aa.

"Kila kitu kimekauka, lakini hili linachipua," alimwambia binti yake. "Ng'ombe mwenye njaa ataliachaje? Nadhani sumu imo humu, na akinywa maji ndipo inapomshika. Bwana mifugo anakuja kutoka Mbeya Ijumaa. Nitunzie majani haya, mwanangu. Nisipokuwa na cha kuonyesha, watamfukuza yule mama."

"Nimesikia, baba."

Kesho yake Atuganile aliyatandaza matawi uani ili abadilishe magazeti. Ng'ambo ya njia wasichana wenzake walikuwa wakicheza rede, wakiukwepa mpira.

"We Atu! Tumepungukiwa mmoja!" waliita. "Au umeshaolewa na majani?"

Vicheko vyao vilimchoma. Aliyaacha matawi yametandazwa vilevile, akakimbia kucheza.

Aliporudi, mbuzi wa Bibi Marta alikuwa katikati ya ua akitafuna. Magazeti yalikuwa matupu. Atuganile alimfukuza kwa fimbo, naye mbuzi akashuka mtoni bila haraka, akanywa. Hakufika mlangoni kwa bibi yake. Alianguka, akapiga miguu vumbini, akatulia. Atuganile aliyaona yote akiwa amejibanza nyuma ya ua wa mabua.

Alianza kukimbilia ofisi ya kijiji kumwambia baba yake. Karibu na dirisha akasikia wazee wakimfokea Jailos, na sauti ya baba yake imechoka. Woga ukamrudisha nyumbani. Nyuma ya choo palikuwa na kichaka chenye majani yanayong'aa pia. Alivunja matawi, akayalaza kati ya magazeti, akazifunga mbao kwa kamba.

"Majani yangu salama?" baba yake aliuliza jioni.

"Salama, baba."

Ijumaa mkutano ulijaa. Bwana mifugo, kijana mpole aitwaye Sedekia, alikaa kwenye benchi kando ya meza. Jailos alifungua mbao zake mbele ya watu wote, akafunua gazeti la juu. Mikono yake ikasimama.

"Onyesha basi, Ndugu Mwenyekiti!" mtu mmoja alipaza sauti.

Angeweza kulinyanyua tawi lile na kusema ndilo. Nani angejua? Lakini Jailos aliufunika ubao taratibu.

"Haya siyo niliyochuma," alisema. "Sijui imekuwaje. Twendeni malishoni nikawaonyeshe."

Watu walizomea. "Hata majani yake yamerogwa!" "Tumechoka na majani! Ng'ombe wanakwisha!" Ndipo Nkuba aliposimama, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi.

"Yule bibi mbuzi wake naye amekufa," alisema. "Alikuwa naye mmoja tu. Mchawi akizidiwa huanza kutoa kafara vitu vyake mwenyewe. Mimi nimesema. Kesho aondoke."

Wengi waliitikia. Sauti ya Jailos ilimezwa na makelele, na jua likazama kabla bwana mifugo hajafika malishoni.

Jioni hiyo hakugusa ugali wake. "Atuganile," aliuliza, "nani alifungua mbao zangu?"

"Sijui, baba."

Jailos alizichukua mbao zake, akatoka nje.

Asubuhi Atuganile alitumwa maji. Mtoni alimkuta Bibi Marta akifunga chungu na mkeka wake kwa kamba ya mgomba. Vijana walikuwa wameshang'oa nyasi za upande mmoja wa paa. Limbu, mtoto wa Nkuba, aliyekuwa darasa moja na Atuganile, alikuwa amesimama pale na fimbo.

"Haraka, bibi," Limbu alisema. "Baba amesema jua lisikukute hapa."

"Shikamoo, bibi," Atuganile alisema kwa sauti ndogo.

Bibi Marta alinyanyua kichwa. "Marahaba, mjukuu wangu. Leo ni wewe tu uliyenisalimu." Alivuta fundo la kamba, likamshinda, akaliacha. "Hebu niambie. Siku ile mbuzi wangu alitokea upande wa kwenu. Hukuona alikula nini? Nilimlea kama mtoto. Nataka kujua tu, hata kama naondoka."

Ndoo ilimponyoka Atuganile.

"Niliona, bibi," alisema, na machozi yakamtoka. "Alikula majani ya baba. Niliyaacha, nikaenda kucheza. Halafu alikunywa maji. Halafu nikaweka majani mengine."

Limbu alishusha fimbo. Bibi Marta aliketi juu ya mzigo wake.

Atuganile alikimbia hadi ofisini, akayarudia maneno yale mbele ya baba yake, Nkuba na bwana mifugo. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, Nkuba alisema kwa shida, "Kuna ndama wangu amekufa alfajiri hii. Bado hajachunwa."

Sedekia alimpasua ndama. Tumboni mlikuwa na majani yanayong'aa ambayo hayajasagika vizuri. Limbu aliwaongoza hadi mahali ndama alipolishwa jana yake, na huko wakayakuta majani yaleyale, mabichi, katikati ya nyasi kavu.

"Hamisheni malisho leo hii," Sedekia alisema. "Mimi nitalipeleka tawi hili kwa wataalamu."

Malisho yalihamishwa, na vifo vikakoma. Nkuba na wanawe waliezeka upya kibanda cha Bibi Marta.

"Mama, tulikosea," Nkuba alisema.

"Paa mmelirudisha," Bibi Marta alijibu. "Jina langu mtaliezeka kwa nyasi gani?"

Nkuba aliinama, akaokota nyasi zilizobaki.

Mvua zilipoanza, kijiji kilichagua mwenyekiti mwingine. Watu walisema nyumba ya Jailos ndiyo iliyoficha ukweli. Siku hiyo Jailos alifungua zizi, akamtoa mbuzi wao jike, akampa Atuganile kamba. Walitembea kwenye manyunyu mpaka Atuganile aliposhindwa kuvumilia.

"Baba, umepoteza kiti kwa sababu yangu."

"Kiti ni cha watu. Walinipa, wamekichukua," Jailos alisema. "Sikiliza, mwanangu. Kwa nini tunabadilisha magazeti kila siku?"

"Majani yasioze."

"Jani moja likifungiwa na unyevu wake, je?"

"Linaozesha na yaliyo jirani."

"Basi kosa nalo ni hivyo. Ungelitoa siku ileile, lingekauka; ningekukaripia, yakaisha. Ulilifunga na unyevu wake, na aliyekaribia kuoza ni mtu ambaye hakukukosea. Woga kila mtu anao, hata mimi siku ya mkutano nilikuwa nao. Lakini usimwache mwingine aubebe mzigo wako."

Bibi Marta alikuwa mlangoni. Aliipokea kamba, akampapasa mbuzi shingoni, akamkagua meno. Hakutabasamu. Atuganile alisimama kwenye mvua, asijue kama anapaswa kuondoka.

"Ingia ndani, unalowa," Bibi Marta alisema mwishowe. "Na huyu mbuzi utanisaidia kumchunga. Safari hii umwangalie anachokula."

"Ndiyo, bibi," Atuganile alisema, akaingia.