Mpira wa Shimoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Djamila alikuwa akifungua boneti ya gari kuukuu la baba yake, akipima oili na kuongeza maji. Mzee Hamadi alisafirisha watu kati ya Kolwezi na Tenke, na aliwatambia abiria wake: "Fundi wangu ana miaka kumi na mitatu, tena anajua kusuka nywele!"

Jumamosi moja Hamadi aliona mipira ya kupitishia petroli imepasukapasuka kama visigino vya kiangazi. Akamtuma Djamila kwa Tata Benoît, muuza vipuri, anunue mipya, kisha aifunge mwenyewe.

Duka lilikuwa mbali na jua lilichoma. Alipopita mtaa wa Kasulo, penye mashimo ya madini, alimkuta jirani yao Samy, mchimba madini, akikunja mpira mweupe wa kupelekea hewa shimoni.

"Unaenda mpaka mjini na hili jua?" Samy alicheka. "Kata hapa kipande. Huu unatupa pumzi sisi chini ya ardhi, utashindwa na kigari cha baba yako? Mupira ni mupira tu!"

Djamila alikata kipande, akarudi nyumbani kukifunga garini. Pesa aliificha chini ya godoro. "Jumatatu nitanunua ile yenyewe," alijiambia.

"Umefunga mipira ya Tata Benoît?" baba aliuliza jioni.

"Ndiyo, Baba."

Lakini Jumapili familia nzima ilikuwa na safari ya harusi Tenke. Hamadi aliwasha injini ipate moto huku mizigo ikipakiwa. Mama Kadija, mke wake, alipanda mbele. Djamila akakaa nyuma, amempakata mdogo wake Akram.

"Harufu gani hii?" Mama aliuliza.

"Gari la zamani halikosi harufu," Hamadi alijibu. "Usiogope. Fundi wangu amebadilisha mipira."

Maneno hayo yalimchoma Djamila kuliko kofi. Akisema, fahari ya baba itavunjika. Akinyamaza, je? Alimtazama Akram, aliyekuwa akinyonya kidole bila wasiwasi.

"Baba, zima! Nimekudanganya! Nimeweka mpira wa shimoni!"

Hamadi alizima gari na kuwashusha wote haraka. Alipofungua boneti, aliuona ule mpira umelegea kama utumbo, petroli ikidondoka karibu kabisa na bomba la moshi lililokuwa moto. Alimpigia simu Tata Benoît.

Injini ilipopoa, Tata Benoît alifika na mipira myeusi, minene. "Mupira wa hewa unajua hewa, mwanangu," alisema akitikisa kichwa. "Petroli inautafuna."

Hamadi akampa Djamila koleo. "Uliyeharibu ndiwe utakayetengeneza."

Alibadilisha mipira yote, kutoka kwenye tangi mpaka kwenye injini, akakaza vibanio vipya. Gari lilipowashwa, alipitisha kitambaa kwenye kila kiungo. Kikavu! Mama Kadija alipiga kigelegele kana kwamba harusi imeanzia uani, na Djamila akajikuta analia na kucheka pamoja.

Hamadi alimshika bega. "Mpira ukipasuka, tunaenda kwa Tata Benoît. Neno la fundi likipasuka, halina duka la vipuri. Lako lilipasuka jana, mwanangu. Ulianza kulitengeneza pale ulipopaza sauti ukasema 'zima'. Ukweli uliochelewa una aibu, lakini leo umetubakiza hai."

Kisha akafungua mlango. "Panda, fundi. Bibi harusi anatungoja."