Aliyejihukumu kwa Damu ya Mkewe

Wenzangu, kaeni niwaeleze yaliyoikuta nyumba moja ya mtaani. Mlisikia vipande tu na mkavicheka. Leo sikieni yote, muone kama bado yanachekesha.

Asubuhi moja fundi wa makochi alikuwa kibandani kwake, mbele ya nyumba, amebana misumari midomoni na kukaza kitambaa kwenye kiti cha mteja. Huku anapiga mluzi, misumari ikicheza.

"Ipo siku utameza mmoja," mkewe alimwambia akitoka mlangoni. "Halafu nikufanyeje, nikutundike ukutani?"

Fundi alicheka mpaka msumari ukamdondoka. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minne, na siku hiyo ndiyo alikuwa anaanza kliniki.

"Wamesema twende wote, mume wangu. Tupimwe wote."

"Mwenye kiti anakitaka leo. Nenda, utakuja kunisimulia."

Akina baba mnaonisikia, wangapi kati yetu hatujasema hivyo?

Sasa lipo jambo ambalo fundi hakulijua. Mkewe alikuwa dobi wa hospitali, na mashuka ya wodi zote yalipita mikononi mwake. Dada yake wa tumbo moja alifia juu ya mashuka kama hayo, UKIMWI ukiwa umembakiza ngozi na mifupa. Kwa hiyo watafiti walipokuja kutafuta watu wenye afya njema, wasio na virusi, wajitolee kujaribiwa chanjo mpya ya kukinga virusi hivyo, alijiandikisha. Hakushurutishwa na mtu. Alielezwa kila kitu: ndani ya sindano hamna kirusi, kwa hiyo haiwezi kumpa ugonjwa, bado haijulikani kama inakinga, kwa hiyo asiitegemee. Akaambiwa pia kwamba mwili wake huenda ukatengeneza askari wa kupambana na kirusi. Kipimo cha haraka hutafuta hao askari, si adui mwenyewe. Kinaweza kuwaona askari kikadhani na adui yumo.

"Ukipimwa popote, toa kadi hii kwanza," muuguzi wa utafiti alimwambia. "Na mwambie mumeo."

Kadi akaificha chini ya godoro, na mumewe hakumwambia. Aliogopa maneno, maana mtaani mtu akionekana kwenye mlango wa watafiti wale huhesabiwa ameshaambukizwa. Hata alipoagizwa asishike mimba mpaka majaribio yaishe, alimwambia mumewe wasubiri kwanza kwa sababu kazi zimezidi. Majaribio yakaisha, mimba ikaja, na kwa furaha ile kadi akaisahau.

Pale kliniki kulikuwa na mfagizi, dada mkubwa wa fundi. Mtaani walimwita Kipaza, kwa kuwa siri ikiingia sikioni mwake hutoka ikiwa tangazo. Alikuwa anapiga deki chumba cha vipimo alipoona kipimo chenye mistari miwili, alama ya mwenye virusi, na pembeni yake jina la wifi yake. Hakungoja kusikia mkunga anasema nini. Hakumsikia dobi akieleza habari za chanjo, wala mkunga akimjibu, "Usiogope, mama, lete hiyo kadi, tutakupeleka kwenye kipimo cha kirusi chenyewe." Alikwishatupa deki na kutoka. Njiani alisimama kwenye nyumba mbili.

"Mdogo wangu," alimwambia fundi huku anahema, "keti chini. Mkeo anao."

"Anao nini?"

"Nimeona kwa macho yangu. Mistari miwili."

Dobi aliporudi alikuta nguo zake ziko nje, juu ya marobota ya sponji, na majirani wamesimama.

"Kabla ya harusi tulipima," fundi alisema. Sauti ilikuwa ndogo, na hilo ndilo lililomtisha mkewe. "Mimi mzima, wewe mzima. Umeutoa wapi?"

"Siumwi, mume wangu. Ni chanjo ya majaribio. Nilijitolea, nikaogopa kukwambia."

"Chanjo ya kuuzuia ndiyo inayoonyesha kwamba unao? Angalau nidanganye kwa akili."

"Basi twende sasa hivi, upimwe na wewe. Hapo utajua."

"Nipimwe nini? Nimelala na nani mwingine mimi? Damu yako ndiyo damu yangu. Umeshaniua. Toka!"

Dobi aliokota nguo moja moja, kwa shida ya tumbo, na hakuna jirani aliyemsaidia. Akaenda kwa mama yake mdogo.

Baada ya wiki mbili alirudi na muuguzi wa utafiti. Kipimo cha kirusi kilikuwa kimetoka: hakuna kirusi hata chembe. Muuguzi alimpa fundi bahasha yenye majibu na kumbembeleza naye akapime. Fundi aliichana bila kuifungua.

"Mmempa dawa zenu, na karatasi mnaandika wenyewe," alisema. "Niacheni nife kwa amani."

Ndugu zangu, mtu akijihesabu maiti hana tena cha kuchunga. Makochi ya wateja yalibaki matumbo wazi, sponji zikilowa mvua. Fundi akahamia baa. Rafiki akimwonya, alijibu, "Nimeshalowa, mvua nitaiogopea nini?" Alikwenda na huyu, akaenda na yule, bila kujikinga. Kuna usiku alisikia dhamiri ikimuuliza, je, kama kweli unao, hawa unawapa nini? Akaizima kwa chupa nyingine. Aliyemkaa kichwani zaidi ni mhudumu mmoja wa baa mwenye pengo la mbele, aliyependa kumcheka kwa sababu alizoea kuweka njiti za kiberiti mdomoni kama misumari.

Mtoto alizaliwa. Fundi aliletewa habari, hakwenda kumwona.

Mwaka ulipopita alitokwa na malengelenge upande mmoja wa mbavu, yanayochoma kama moto. Kipaza ndiye aliyemshika mkono kwenda hospitali. Kufikia hapo alikuwa amefukuzwa kazi kwa kutoa siri za wagonjwa. Fundi alipimwa. Mshauri aliyempa majibu alikuwa mtu mzima, msema polepole.

"Virusi unavyo, baba. Dawa zipo, na ukizishika vizuri utaishi."

"Najua," fundi alisema, karibu kwa ushindi. "Mke wangu ndiye aliyeniletea."

Mshauri alimwomba alete mke. Dobi alikuja na mtoto mgongoni, na kwa ridhaa yake faili lake likafunguliwa mbele ya wote. Alikuwa amepimwa kirusi mara tatu tangu siku ile, na mara zote hakuna. Mtoto naye mzima.

"Mtu hawezi kukupa asichokuwa nacho," mshauri alisema. "Ulichonacho umekipata baadaye. Siku ile unamfukuza, ungepimwa, nadhani ungekutwa mzima."

Kipaza aliteleza kwenye kiti akakaa sakafuni, kanga imeziba mdomo.

"Ulikuwa na nani na nani?" mshauri aliendelea. "Nao wanahitaji kujua."

Fundi aliwataja aliowakumbuka. Alipofika kwa yule mwenye pengo aligundua kwamba jina lake hajawahi kuliuliza. Alikwenda baa kumtafuta, akaambiwa amehama, hajulikani alikokwenda. Hajapatikana mpaka leo ninapozungumza nanyi.

Siku iliyofuata alimfuata mkewe kwa mama mdogo. Alimkuta uani anakunja mashuka.

"Nilikukosea kwa kukuficha," dobi alisema kabla hajaulizwa. "Hilo ni langu, nalibeba. Lakini nilikwambia twende wote. Nilikwambia mara mbili."

"Rudi nyumbani."

"Vidonge nitakukumbusha kila siku, ili mtoto awe na baba. Ila mlango wa nyumba ile hatuingii tena."

Fundi alimtazama mtoto, akarudi nyuma hatua moja.

"Mbebe," dobi akamwambia. "Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kubebana."

Alimbeba. Mtoto, ambaye sura ile ilikuwa ngeni kwake, alipiga kelele na kunyoosha mikono kwa mama yake. Fundi akamrudisha.

FUNZO

Wenzangu, chanjo haikumwambukiza mtu katika habari hii. Kilichoivunja nyumba ni siri ya mke, umbeya wa wifi, na mume aliyeipokea nusu ya habari akakataa nusu iliyobaki. Anayejitolea kwa majaribio anawatendea wema hata watoto ambao hawajazaliwa. Asione haya kumwambia mwenzake, na kadi yake asitengane nayo. Unayefanya kazi panapotunzwa siri za watu, ulichokiona kife na wewe, maana huenda hata ulichokiona hukukielewa. Na wewe uliyeletewa habari mbaya, usijihukumu kwa damu ya mwenzako. Nenda kapime yako. Fundi alikufa moyoni kabla hajaumwa, na kwa kujiona maiti akaenda kuutafuta ugonjwa aliodhani anao.