Tumbo Limejaa, Maziwa Hayapo

Mathenge alikuwa ameshapita duka la kona, anamvuta ng'ombe kwa kamba. Mkewe, Wachuka, alimfuata mbio, kitambaa cha kichwa kikimwangukia shingoni. Ng'ombe huyo aliitwa Malkia. Alikuwa anapelekwa kwa Mbugua, mwenye bucha pale Bahati.

"Baba Abby, simama tuongee."

"Tumeongea jana yote. Hii ng'ombe inakula kama posho mill, ile mashine ya kusaga unga, na haitoi hata maziwa ya chai. Nifanye nini, niiimbie?"

Wachuka hakucheka. Malkia alikuwa zawadi ya mama yake alipomzaa mtoto wao Abby, na hawakuwa na ng'ombe mwingine. Akifika buchani, habari ya ng'ombe imeisha kwao.

Mbele kidogo walimkuta Chepkemboi, afisa wa mifugo, amesimamisha pikipiki kando ya barabara. Alimtazama Malkia. Tumbo kubwa, mbavu nje.

"Mzee, hii mnaipatia nini?"

"Mabua ya mahindi. Mvua imepotea, majani ya nepia yamekauka. Lakini inashiba."

"Inajaa. Kushiba ni kitu ingine." Akaokota bua kavu, akalivunja. "Ndani ya bua kuna kitu kinaitwa selulosi. Hiyo ni sukari, imeshikanishwa kama mnyororo mrefu."

"Basi nitie bua kwa chai?" Mathenge akacheka.

"Tumbo lako haliwezi kukata mnyororo huo. La ng'ombe linaweza. Lina vijidudu, na vijidudu vinatoa vimeng'enya. Kimeng'enya ni kichocheo. Kinaharakisha kazi, na kazi ikiisha chenyewe bado kipo, kinashika nyingine. Mnyororo ukikatwa, sukari inatoka. Vijidudu vinaigeuza kuwa asidi, moja ni kama ile ya siki. Kwa hizo asidi ng'ombe anapata nguvu na mafuta ya maziwa. Viwandani pia wanakata selulosi kwa vichocheo vyao, wanapata spiriti na vitu vya kutengeneza plastiki. Kiwanda chako, mzee, kina miguu minne."

"Na mbona hiki kimegoma?" aliuliza Wachuka.

"Bua kavu limezibwa na kitu kigumu kama saruji. Tena vijidudu vyake vina njaa, havina naitrojeni. Yurea, ile mbolea ya dukani, inasaidia yote mawili. Inageuka hewa kali, amonia. Amonia inalegeza ile saruji na kulisha vijidudu."

"Kumbe mbolea!" Mathenge akachangamka. "Niko na ile nyeupe ilibaki tukikuza mahindi. Nainyunyizia leo, kesho nakamua."

"Utakamua mzoga! Hiyo ya kukuzia mahindi ni CAN, mbolea nyingine, si yurea. Na hata yurea, ukiinyunyiza na kulisha hapo hapo, inaua. Lazima ipimwe, iyeyushwe, ifungiwe pamoja na mabua wiki tatu."

"Wiki tatu! Mbugua ananingoja leo!"

Wachuka akaichukua kamba mkononi mwa mumewe. Akamgeuza Malkia, akaanza kurudi nyumbani.

Kesho yake Chepkemboi alikuja. Walikata mabua vipande vidogo, wakapima kilo mia moja. Waliyeyusha kilo nne za yurea katika lita hamsini za maji, mpaka chembe zote zikapotea. Walichimba shimo la kina kifupi uani, wakalitandika karatasi ya plastiki. Waliweka mabua, wakayanyunyizia yale maji, wakakanyaga kutoa hewa, wakaweka mengine. Mwisho walifunika, wakakandamiza kingo kwa udongo.

"Ndama asipewe kamwe," Chepkemboi alionya. "Na mnyama yeyote asionje maji ya yurea."

Wiki hizo Wachuka alizunguka kwa majirani akiomba majani ya viazi vitamu na mashina ya migomba ya kumlisha Malkia. Mbugua alipita akachungulia uani.

"Mama Abby, umezika nani hapo?"

"Nimezika tamaa yako ya nyama."

Wiki ya pili Mathenge alikuja na jembe. "Nafungua kidogo tu, nione."

Wachuka akaketi juu ya plastiki. "Anza na mimi."

Mathenge akarudisha jembe.

Wiki tatu zilipotimia walifungua. Harufu iliwachoma macho. Mabua yalikuwa yamelainika, yana rangi ya kahawia.

"Hii ni sumu!" Mathenge alirudi nyuma.

"Ni ile amonia," alisema Wachuka. "Tuyaanike kivulini kwanza."

Walianika siku nzima, mpaka harufu ikapungua. Malkia alinusa, akageuza kichwa. Wachuka akachukua konzi mbili tu, akazichanganya na majani ya viazi. Malkia akala. Kesho yake akaongeza kidogo, na keshokutwa kidogo tena. Wiki ilipoisha, Malkia alikuwa analamba hori mpaka chini kabisa.

Maziwa yalirudi. Hayakuwa mengi kama ya wakati wa mvua, lakini yalitosha chai, yakamtosha Abby, na mengine yakauzwa dairy, kwenye kituo cha maziwa. Mathenge aliacha kuchoma mabua yanayobaki shambani. Sasa ana mashimo mawili ya mabua, na hataki mtu ayaguse. Mbugua alichinja ng'ombe wa mtu mwingine. Chepkemboi alihamishiwa Kuresoi. Abby alianza shule. Wachuka huwapimia majirani yurea. Malkia yuko zizini, anakula.